Sauti Haipiti Chini ya Mguu

Kuna ushauri ambao karibu kila kijana wa Arusha anayepiga gitaa kanisani au kwenye bendi ya hoteli ameshapewa, na hupewa kwa uhakika usiomwachia nafasi ya kuuliza. Pedali ya ekspresheni, ile unayoisukuma kwa mguu ili sauti ipande au efekti iongezeke, usinunue ya bei chee. Jibane. Subiri mwaka mzima ikibidi, ununue ya chuma, ya kampuni yenye jina, maana rahisi huvunja upishi.

Nimeusikia ushauri huu Sakina, nimeusikia Njiro, nimeusikia Usa River kwa watu wasiofahamiana. Wanaoutoa ni watu ninaowaheshimu: kaka wakubwa wa bendi, mafundi sauti wa sharika, walimu wa gitaa. Nia yao ni njema. Lakini ushauri wenyewe ni mbovu, na umewafanya vijana waliokuwa tayari kujifunza wakae wakisubiri kifaa. Umejengwa juu ya imani kwamba ndani ya pedali ile kuna sauti, na kwamba anayelipa zaidi anapata sauti zaidi. Ndani yake hakuna sauti yoyote.

Tuanze na kazi ya kifaa. Gitaa linapochomekwa kwenye mashine ya efekti, sauti inaingia kwa tundu moja na kutoka kwa lingine kwenda kwenye amplifaya au mikisa. Pedali ya ekspresheni ina tundu lake peke yake, pembeni. Kupitia waya wa jeki ya stereo, mashine inapeleka volti chache kwenye pedali. Pedali inarudisha sehemu ya volti hizo kulingana na mguu ulipofika. Mashine inasoma kwamba mguu uko juu, uko katikati, au umefika chini. Kazi ya pedali inaishia hapo. Kugeuza sauti, kuipandisha, kuipa mwangwi, kuizungusha, vyote vinafanyika ndani ya mashine. Pedali yenyewe haina hata betri, kwa kuwa hakuna inachokikuza.

Kinachopima mguu ni potenshomita, ile ambayo mafundi redio wetu wanaiita volumu tu, kwa kuwa ni ndugu wa ile iliyo nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pedali ya dola 200 inatoa sauti nzito, au safi, au yenye uhai kuliko ya dola 40, muulize sauti hiyo imepita wapi. Kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye spika, haikupita mguuni.

Anayebisha afungue mbili alinganishe. Nimewahi kukaa mezani kwa fundi pale Kaloleni zikifunguliwa, na ningependa kila mpiga gitaa apate nafasi hiyo. Ile ya plastiki ina skrubu nne chini, mara nyingine zimefichwa na vile vipande vya mpira vinavyoizuia isiteleze. Ukiinua kifuniko unakutana na upinde wa plastiki wenye meno. Meno yanashika gia ndogo, gia imekaa kwenye shina la potenshomita, na kwenye miguu mitatu ya potenshomita zimelehemiwa nyaya tatu nyembamba zinazokwenda kwenye jeki. Mgongoni mwa potenshomita pamepigwa chapa, B10K au B50K. Herufi B, kwa watengenezaji wengi wa Asia, maana yake ukinzani unapanda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Namba ni ukinzani wenyewe, ohm 10,000 au 50,000. Sasa fungua ya chuma. Kifuniko ni kizito, rangi imepakwa vizuri, bawaba haichezi hata kidogo. Ndani kuna meno, gia, potenshomita na nyaya tatu.

Tofauti zipo na sitazificha. Potenshomita ya pedali ghali mara nyingi njia yake ni ya plastiki inayopitisha umeme, na hiyo inavumilia kusuguliwa mara nyingi zaidi kuliko njia ya kaboni iliyo kwenye zile za bei ya chini. Bawaba ni bora. Mguu unapata ukinzani mzuri zaidi, na pedali haikimbii sakafuni. Hizo ni faida za kweli kwa mguu na kwa umri wa kifaa, na mwenye pesa akizinunua hajafanya kosa. Ninachokataa ni kumwambia asiye na pesa kwamba bila hizo hawezi kupiga.

Wengine wakibanwa kwenye suala la sauti wanahamia kwenye ulaini. Wanasema pedali ya bei chee inapanda kwa ngazi ngazi, ya ghali inateleza. Mashine nyingi zinaigeuza hatua ya mguu kuwa namba, na katika MIDI, mfumo uliokubaliwa na watengenezaji tangu mwaka 1983, ujumbe wa kawaida wa pedali unaanzia 0 na kuishia 127. Ngazi ni 128 kwa tajiri na 128 kwa maskini. Zipo mashine zinazosoma kwa hatua ndogo zaidi ndani kwa ndani, lakini anayeamua hesabu hiyo ni mashine. Ukipandisha ukubwa wa sauti kwa sekunde mbili tatu wakati wa kuabudu, hakuna muumini atakayetambua ngazi ya 64 na ya 65, na wewe mwenyewe hutazitambua.

Nije sasa kwenye ushahidi unaotolewa kwa sauti kubwa kuliko wote. Fulani alinunua ya plastiki, akaichomeka, ikawa haifanyi kitu mpaka mguu unakaribia mwisho, halafu ghafla sauti yote ikatoka. Au ikafanya kazi kinyume. Akaitupa, akatangaza kwamba ni feki, na tangu siku hiyo hadithi yake inatumika kuwatisha wengine.

Mara nyingi pedali ile haikuwa na ubovu wowote. Watengenezaji hawakukubaliana ni sehemu gani ya jeki irudishe volti. Roland na Boss wanaitaka irudi kwenye ncha ya jeki. Yamaha na Korg wanaitaka kwenye pete, ile sehemu ya katikati. Line 6, kwa pedali yao ya EX-1, wanatumia jeki ya mono isiyo na pete kabisa. Ukichanganya, unapata uruko uleule unaolaumiwa. Tena haubagui bei: chukua Yamaha FC7, pedali imara ambayo hakuna anayeiita ya bei chee, uichomeke kwenye mashine ya Boss bila kubadilisha waya, nayo itakusumbua vilevile. Kwa upande wa pili, M-Audio EX-P na Nektar NX-P, ambazo ni za plastiki na ziko kwenye kundi la bei ya chini kabisa, zimewekewa swichi ya kugeuza mpangilio huo. Unaigeuza kwa ukucha, tatizo linakwisha. Aliyetupa pedali yake angetumia dakika moja kuitafuta swichi hiyo, au angempa fundi abadilishe nyaya mbili kwenye jeki.

Sababu ya pili ya hadithi hizi ni kutopima upya. Mashine inahitaji kufundishwa pedali yako inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa sababu mguu hauzungushi potenshomita mzunguko wake wote. Boss GT-1 na Zoom G1X Four, ambazo zina pedali zake zilizojengewa ndani, zina ukurasa wa kazi hiyo kwenye mpangilio: weka kisigino chini, bonyeza, sukuma vidole, bonyeza. Zipo mashine nyingi zinazofanya hivyo pia kwa pedali ya nje. Nimeona watu wakilalamika kwa miezi kuhusu pedali ambayo haijawahi kupimwa hata mara moja tangu itoke kwenye boksi.

Na nikiwa hapo kwa GT-1 na G1X Four: kijana mwenye mashine ya aina hiyo tayari ana pedali ya ekspresheni. Anapoambiwa akatafute nyingine ya chuma kabla hajamaliza kuijua aliyonayo, anadhulumiwa.

Hoja nzito ya wapinzani wangu ni kudumu, na hii inastahili kujibiwa kwa mapana, kwa kuwa mazingira yetu si ya mchezo. Udongo wa Meru ni wa volkano. Mlima ulitoa majivu yake ya mwisho mwaka 1910. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi laini linaingia kila mahali, na makanisa mengi ya pembezoni mwa jiji yanaabudu chini ya turubai au kwenye majengo ambayo madirisha hayajawekwa vioo. Vumbi likiingia kwenye potenshomita, kwenye redio ungesikia mkwaruzo. Kwenye pedali ya ekspresheni husikii mkwaruzo, kwa sababu sauti haimo. Unachopata ni sauti kutetemeka au efekti kurukaruka wakati mguu umetulia. Watu wanadhani mashine imeharibika.

Lakini vumbi halisomi lebo ya bei. Pedali nyingi za chuma zina uwazi pembeni kama zile za plastiki, ili kipande cha juu kiweze kucheza, na vumbi linaingia palepale. Kinachoziokoa zote mbili ni kitu kimoja: kuzifunika kwa kitambaa baada ya ibada, na kuzipulizia dawa ya kusafishia swichi mara moja moja. Dawa hiyo iwe ile inayokauka. Wanaopulizia mafuta ya kulainisha bawaba wanaikusanyia potenshomita vumbi jipya, na hilo ni kosa linaloua pedali nyingi kuliko uplastiki wake.

Kuhusu kuvunjika, ndiyo, plastiki inavunjika ukiisimamia kwa uzito wa mwili wote. Pedali haikusudiwi kusimamiwa. Kisigino kinakaa, vidole vinasukuma, uzito unabaki kwenye mguu mwingine. Pedali za plastiki nilizoziona zimepasuka zilikanyagwa na mtu aliyekuwa anapita jukwaani, au zilifungwa pamoja na spika nyuma ya bodaboda. Zibebe kwenye begi la gitaa, zitadumu.

Halafu kuna swali ambalo wauza ushauri hawaligusi: kikiharibika, nani atakitengeneza? Hata cha chuma kitaharibika. Potenshomita ni kitu kinachosuguliwa na kila kinachosuguliwa kina mwisho. Mission Engineering, ambao pedali zao zinatajwa na wengi kama kilele, wako California. Udhamini wa kampuni ya California ni kitu halisi kwa mtu wa California. Kwa mtu wa Ngaramtoni ni karatasi, kwa sababu nauli ya kurudisha kifurushi kizito cha chuma na kukipokea tena, pamoja na ushuru, itakula sehemu kubwa ya bei ya pedali yenyewe. Potenshomita yake nayo inaweza kuwa na shina au kipimo ambacho hakipatikani kwenye makopo ya fundi. B10K ya kawaida inapatikana. Fundi redio anaitoa kwenye kopo la vipuri, analehemu miguu mitatu, anafunga skrubu nne, na unacheza ibada ya jioni ileile. Kwa hali yetu huo ndio udhamini. Kifaa ambacho fundi wa mtaani anaweza kukifungua na kukifufua kina umri mrefu kuliko kilicho bora zaidi lakini kinategemea posta.

Muziki wetu wenyewe ulitoka kwenye utaratibu huo. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walipotoka Tanga walipita hapa hapa Arusha, wakawa na Arusha Jazz, kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilipata jina. Gitaa tunalolisifu katika muziki ule, na baadaye kwa Les Wanyika, ni gitaa safi: solo inazungumza, rizimu inajibu, besi inatembea kati yao. Wapigaji wengi wa dansi wa Tanzania wa enzi zile hawakumiliki hata vyombo walivyopigia. Vilikuwa vya chama, vya shirika au vya mwenye bendi. Na fedha za kigeni zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, vyombo vilivyokuwepo vilitunzwa na kutengenezwa na mafundi wa hapa hapa kwa sababu vipya havikuwa vinakuja. Sisemi turudi kwenye uhaba. Nasema hawa tunaowaita wakongwe hawakumwambia kijana yeyote kwamba asishike gitaa mpaka apate chombo cha bei fulani, na leo wanaotumia majina yao kutetea vifaa vya gharama wanawasingizia.

Sasa pesa. Kwa bei za kawaida za nje, pedali za plastiki zinacheza kati ya dola 30 na 50, na zile za chuma zinazosifiwa zinakaribia au kupita dola 200. Tuseme tofauti ni dola 160. Kwa shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni laki nne, kabla ya usafiri kutoka Nairobi kupitia Namanga au kutoka Kariakoo, na kabla ya VAT ya asilimia 18 kwa anayeagiza mwenyewe na kulipia kihalali.

Laki nne kwa mpiga gitaa wa Arusha si pesa ndogo, na zipo sehemu kwenye mnyororo wake wa sauti zinazoililia. Ya kwanza ni umeme. Mashine nyingi za efekti zinataka volti 9 na hasi ikiwa katikati ya pini. Watu wanachomeka adapta ya redio au ya ving'amuzi kwa sababu pini imeingia, mashine inakufa. Adapta sahihi na stabilaiza ya kuzuia umeme unaopanda na kushuka vinalinda kitu cha bei kubwa. Ya pili ni nyaya. Waya wa jeki unaokatika ndani kwa ndani umeharibu ibada nyingi kuliko pedali zote zikijumlishwa, na hapa ndipo sauti yenyewe inapita. Ya tatu ni nyuzi mpya. Ya nne ni mwalimu. Pale Makumira, Usa River, Chuo Kikuu cha Tumaini kinafundisha muziki, na Arusha ina watu waliosoma wanaoweza kumkalisha kijana wakamwonyesha sauti inapandishwa lini na inashushwa lini.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mguu unajifunza polepole kuliko vidole. Kupandisha sauti ya kodi moja kutoka kimya hadi ukamilifu wakati kiongozi wa sifa anaomba, bila kuvuka sauti yake na bila kuchelewa kufika pale kwaya inapoingia, ni kazi ya mazoezi ya miezi. Lazima mkono upige uzi wakati kisigino bado kiko chini, ili ule mlio wa kwanza wa kucha usisikike, ndipo mguu uanze kusukuma. Kijana aliyeanza na pedali ya plastiki Januari, kufikia Desemba anaifanya bila kuangalia chini. Aliyeambiwa asubiri, Desemba anafungua boksi zuri na mguu wake haujui lolote.

Kuna mahali ambapo nakubaliana na wale wazee, na napataja ili mtu asiyachukue maneno yangu akayapeleka nisikoyatuma. Pedali ya volyumu na pedali ya wawa si pedali ya ekspresheni, hata kama kwa nje zinafanana. Ndani ya hizo sauti ya gitaa inapita yenyewe, kwa hiyo potenshomita yenye vumbi itakwaruza kwenye spika, na sakiti mbovu itakula mlio wa juu wa nyuzi. Ndiyo maana Morley walitumia mwanga badala ya mguso kwenye pedali zao. Hakuna kinachosuguana kwenye njia ya sauti. Hapo lipa zaidi kama unaweza. Na mwanamuziki anayezunguka na bendi, anayefunga na kufungua vyombo kila usiku, chuma kitamfaa. Shida ni kwamba ushauri unaofaa pedali hizo na mwanamuziki huyo umechukuliwa mzimamzima na kukabidhiwa mtoto wa sekondari anayepiga Jumapili na mazoezi ya Alhamisi.

Kwa hiyo anayekwenda dukani na pesa kidogo, aangalie mambo yanayoonekana. Igeuze uone kama ina skrubu. Iliyogundishwa kwa gundi iache, iwe ya bei gani. Tafuta swichi ya kugeuza mpangilio. Isukume polepole hadi mwisho usikie kama meno yanaruka. Iache katikati uone kama inabaki pale au inaanguka yenyewe, na kama inaanguka, tazama kama kuna skrubu ya kukazia. Mwombe muuzaji uichomeke kwenye mashine, kama anayo. Kama waya umeungwa moja kwa moja kwenye pedali, uangalie pale unapotokea, kwa kuwa ndipo utakapokatikia. Jina la kampuni liwe la mwisho.

Na kwa wanaoendelea kubisha, ninawaomba jaribio moja ambalo halina gharama. Tuchukue mashine moja, gitaa moja, spika moja, na pedali mbili, ya plastiki na ya chuma, zote zimepimwa vizuri. Mtu mmoja apige wimbo uleule wa kuabudu mara kadhaa akibadilisha pedali bila kusema, nao wakae wamegeukia ukutani, waandike kila mara ni ipi iliyo mguuni. Tufanye kwenye usharika wowote, mbele ya wale vijana waliowaambia wasubiri.